Ule ujumbe wa sindano ufutwe

Shangazi Zuhura: Nani kaleta ujumbe wa kumtoboa mgonjwa wa kiharusi ncha za vidole kwa sindano? Ufutwe. Shida iko kwenye mshipa wa ubongo, damu ya kidoleni haihusiki kabisa.

Sele: Shikamoo shangazi, ni mimi. Umezagaa kila kikundi.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Ndiyo maana nasema ufutwe.

Mwanaidi: Na aspirini je?

Kaka Idi: Hiyo ndiyo inayoponza wengi. Viharusi vingi ni mshipa kuzibwa na bonge la damu. Vilivyobaki mshipa umepasuka, damu inavujia ubongoni. Kwa macho hakuna anayevitofautisha, mpaka kichwa kipigwe picha ya CT. Mpe aspirini aliyepasuka mshipa, umemzidishia kuvuja.

Mwanaidi: Basi walau kidonge chake cha presha, ikiwa imefika 190?

Shangazi Zuhura: Hapana mwanangu. Mshipa ukiziba, mwili wenyewe hupandisha presha ili damu ipenye hadi pale panapokosa hewa. Ukiishusha kienyeji, umekata hata ile kidogo iliyokuwa ikifika. Hospitali wataamua. Tena koo huenda limelegea, akimeza kitu kinaingia mapafuni. Hata kijiko cha maji msimpe. Akipoteza fahamu, mlazeni ubavu.

Sele: Tutajuaje si uchovu tu?

Kaka Idi: Mwambie aonyeshe meno, uone kama pembe moja ya mdomo inabaki nyuma. Kisha anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho, wewe hesabu hadi 10. Mkono wenye hitilafu hushuka polepole huku kiganja kikigeukia ndani, na mara nyingine mwenyewe hana habari. Halafu arudie sentensi fupi. Akishindwa hata moja tu, mkimbizeni hospitali.

Shangazi Zuhura: Na yale yanayosahaulika: jicho kupoteza nuru, kuona viwili viwili, kuyumba, kichwa kuuma kuliko alivyowahi kuumwa. Vyote GHAFLA. Mwenye kisukari mpimeni sukari kama kipimo kiko karibu, maana ikishuka sana huigiza kiharusi.

Kaka Idi: Saa iandikwe! Siyo saa mliyomkuta, bali saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Kalala saa 4 usiku yuko sawa, kaamka saa 12 asubuhi mdomo umekwenda upande: andikeni saa 4 usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Wapo wanaovutwa bonge kwa mrija hata ndani ya saa 24, ila huchaguliwa kwa picha.

Mwanaidi: Ikipita yenyewe baada ya dakika 20?

Shangazi Zuhura: Hapo ndipo watu hurudi kulala! Hicho ni kiharusi cha kupita, na siku 2 zinazofuata ndizo za hatari kuliko zote. Aende siku hiyo hiyo. Wenye presha 140/90 na kuendelea, kisukari, sigara, au moyo unaodunda bila mpangilio (bonge hujijenga humo humo moyoni), msisubiri dalili ndipo mpimwe.

Sele: Nimeufuta. Tubebe nini?

Kaka Idi: Dawa zake zote, au picha za maboksi. Kama anatumia ya kuzuia damu kuganda, semeni mlangoni kabla hamjaulizwa, na saa aliyoimeza mara ya mwisho.