Mrejesho: simu ya usiku imepata mbadala

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza nifanyeje niache kuperuzi video fupi kila usiku hadi macho yanauma, huku Lindi mjini. Mmoja wenu akasema nisiishie kuacha tu, nitafute kitu cha kujaza ule muda. Huyo namshukuru sana.

Simu sasa inachajiwa sebuleni, siyo chumbani. Hiyo peke yake imesaidia kuliko programu zote za kuhesabu muda. Baada ya isha nakaa mezani na daftari, nasoma jambo moja, nafunika kitabu, kisha naandika nilichoelewa kwa maneno yangu. Mwanzoni mkono ulikuwa bado unapapasa chini ya mto kuitafuta simu.

Nilianza na Tendaguru, kilima kilichopo mkoani kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha pale mifupa ya dinosaria. Wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwa meli hadi Ujerumani. Dinosaria mmoja amesimamishwa makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Nimekulia hapa na sikuwahi kusimuliwa habari za wale wapagazi! Limeniuma kweli, na ndilo linalonirudisha mezani kila siku.

Binti yangu naye kaanza kukaa pembeni na daftari lake. Sasa tunaingia kusoma habari za Kilwa Kisiwani. Mwenye kitabu cha Kiswahili kuhusu Kilwa anielekeze pa kukipata.