Clipse wamerudi baada ya miaka 16, huyu Malice aliyeokoka amerudi kufanya nini?

MwangaKwetu (Kigoma)

Habari za humu wakuu. Mimi ni mtu wa hip hop tangu enzi za kaseti, zile za kurekodi kipindi cha redio usiku kidole kiko kwenye kitufe unasubiri mtangazaji anyamaze, na Clipse nawajua tangu 2002 ilipotoka ile ngoma yao ambayo biti lake unaweza kuligonga juu ya dawati na kila mtu akajua ni ngoma gani. Sasa hii albamu yao mpya Let God Sort Em Out iliyotoka Julai 2025 nimeisikiliza sana, kwa upande wa michano sina neno, wale watu wanachana. Ila kuna kitu kinanisumbua, naomba tujadiliane kwa heshima.

Kwa wasiowajua, hawa ni ndugu wa damu wa Virginia kule Marekani. Malice ndiye mkubwa, Pusha T ndiye mdogo. Jina walilipata kwa kuchana kuhusu unga (madawa ya kulevya), yaani kuuza unga, kupima unga, hela ya unga, karibu kila mstari. Mwaka 2009 watu wao wa karibu wakakamatwa kwa kesi ya madawa akiwemo meneja wao, ambaye baadaye akapigwa miaka 32 jela. Malice akashtuka, akaokoka, akajiita No Malice na kundi likasimama. Mdogo wake akaendelea peke yake akawa mkubwa kweli kweli.

Leo karudi, na jina la zamani karudi nalo, na unga kwenye albamu bado umejaa. Mimi nimelelewa kanisani na huyu jamaa alipoacha alinigusa mno, maana nina ndugu zangu waliokuwa kwenye mambo yasiyofaa na nilikuwa nawaambia mtazameni huyu, alikuwa na hela na jina na bado ametoka. Sasa nikimsikia naona kama mtu aliyerudi Misri. Nyie mnaosikiliza mistari kwa kina mnamwelewaje?

Mwana wa Isevya (Tabora)

Mkuu heshima yako, swali zuri. Rudi kwenye wimbo wa kwanza kabisa wa albamu, usiupitie juu juu. Vesi ya kwanza Pusha anaongea na mama yao, ya pili Malice anaongea na baba yao. Wazazi wale walifariki wakipishana miezi kama minne tu, mama mwishoni mwa 2021 na baba mwanzoni mwa 2022. Malice anasimulia alivyofika nyumbani akakuta gari la mzee lipo nje, kwa hiyo yupo ndani, anagonga, anagonga tena, kufika hodi ya tatu mwili ukaingia baridi. Yaani pale hata kama kiingereza chako ni cha kuungaunga unaelewa kilichotokea kwa sauti tu.

Halafu ndani ya vesi hiyohiyo anasema alimuuliza baba yake kama arudi kuchana, na mzee akampa baraka, akamwambia ana deni kwa watu, yale aliyovurugikiwa nayo ndiyo yawe ujumbe wake. Kwa hiyo mkuu, jamaa hakuchoka wokovu akaamka asubuhi akarudi mtaani. Aliomba ruhusa kwa mzazi na akapewa. Mimi kwa malezi niliyolelewa neno la baba namna hiyo ni zito, huwezi kulipita.

Binti Gungu

Naingia japo hip hop siyo mambo yangu sana, kaka yangu ndiye mwenye ugonjwa huo nyumbani. Huo wimbo wa kwanza nilimwambia aurudie. Yupo mwimbaji John Legend na kwaya ya injili inaitwa Voices of Fire, ni ya hukohuko kwao Virginia, na ile kwaya haikuwekwa pale kama urembo, inabeba msiba kama kwaya ya kwetu inavyoimba mkiwa mmekaa nje kwenye mikeka.

Kilichonimaliza ni Pusha anapokumbuka mazungumzo ya mwisho na mama yake. Mama alikuwa anaaga, anasema amechoka, na yeye mtoto ana safari zake na kazi zake hakuing'amua ile sauti. Na kwenye vesi ya Malice, neno la siri la simu ya baba lilikuwa kwamba anawapenda wanawe wawili. Jamani! Nani hapa hajawahi kukata simu ya mama haraka kwa sababu yupo kwenye daladala?

Na Malice anataja safari za kuvua samaki na baba yake, kwamba mzee aliishi kwa ajili ya hizo. Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa, akitokea Kibirizi usiku na karabai anarudi alfajiri, kaka zangu wakishafika umri anawachukua mmojammoja. Nilipoelewa hiyo sehemu nilitoka nje kidogo. MwangaKwetu, kwenye huo wimbo huyo kaka ni mtoto aliyefiwa, hilo la Misri silioni pale.

Reli_ya_Kati

Wimbo wa kwanza hakuna anayebisha, ni mzito. Lakini albamu ina nyimbo 13, tusimsafishe mtu kwa wimbo mmoja. Zilizobaki nyingi ni magari, saa, unga na kuwachapa watu bakora. Na mnaosema baraka za mzee mnaruka kitu kingine ambacho Malice anakisema mwenyewe kwenye albamu hiihii, anasema amerudi kwa ajili ya hela na kwamba huo ni ushetani uliomo ndani yake, na ilibidi kanisani afiche. Kasema yeye kwa mdomo wake. Kwa hiyo MwangaKwetu hajakosea kuhisi anachohisi, hata mwenye albamu anakihisi.

MwangaKwetu

Reli_ya_Kati huo mstari nilikuwa sijauweka sawa kichwani, asante mkuu. Sasa mnanichanganya zaidi maana huku baraka za baba, huku hela.

Mwana wa Isevya (Tabora)

Vyote viwili ni kweli mkuu, na hapo ndipo mimi naona ukubwa wake. Angesema la baba tu angekuwa anajitetea. Angesema la hela tu angekuwa anajisifu ubaya. Kaviweka vyote mezani, na sisi tunajua mtu mzima ndivyo alivyo, ana neno la mzazi kifuani na ada za watoto mfukoni. Msikilize na mdogo wake kwenye ngoma moja utaona tofauti. Pusha anauza ile raha na ujeuri, anafurahia kweli. Malice akiingia anaitaja biashara ileile lakini anataja na waliofungwa, na waliozikwa, na yeye alivyotoka salama bila kustahili. Na wamefunga albamu kwa wimbo unaosema ni kwa neema ya Mungu. Sikiliza vesi zake peke yake, mfululizo, uone kama unasikia mtu aliyeikimbia imani.

Biti Kavu

Wakuu mmezama kwenye dini, naomba niseme la muziki maana watu hapa kijiweni wanabishana hilo. Prodyuza Pharrell katengeneza albamu nzima, na sehemu kubwa wamerekodi Paris kwenye makao ya Louis Vuitton kwa sababu jamaa tangu 2023 ndiye mbunifu mkuu wa nguo za kiume pale. Zamani biti za Clipse zilikuwa za The Neptunes, Pharrell na Chad Hugo. Safari hii Chad hayupo na kwa masikio yangu pengo linasikika. Ile albamu yao ya 2006, Hell Hath No Fury, ilikuwa kavu, ngoma na sauti mbili tatu za ajabu basi, hakuna kitu cha kukubembeleza. Hii mpya ina vinanda na ukubwa mwingi, nzuri, ila sabufa ya geto langu inapenda ile ya 2006.

Na walivyofika hapa wapewe heshima. Pusha amesimulia kwamba lebo yao, Def Jam, ilitaka vesi ya rapa mwenzao Kendrick Lamar aliyeshirikishwa ipunguzwe makali au iondolewe, wao wakagoma, wakalipa hela ndefu wakajitoa, wakaitoa albamu kupitia Roc Nation. Vesi ikabaki kama ilivyo. Albamu ikaingia namba 4 Marekani, namba ileile waliyoingilia na albamu yao ya kwanza 2002. Watu waliokaa kimya miaka 16!

Mtoto wa Ujiji

Mimi naomba niongee la kwetu. Malice amevuka 50, anachana kuhusu kuzika wazazi, na dunia imekaa imemsikiliza. Sisi Bongo mkongwe akishafika 40 tunamwambia aachie vijana. Gangwe Mobb wa Temeke, Wagosi wa Kaya wa Tanga, hao walikuwa watu wawili wawili vilevile na walituchania maisha yetu, Wagosi walisema ya hospitali na ya viongozi mambo ambayo magazeti yalikuwa yanayazungukazunguka. Leo hii nikipata albamu nzima ya Mkoloni na Dr. John wakiongea kama watu wazima, sukari ya mzee, mirathi ndugu wamegombana, shamba limeuzwa, mtoto kamaliza chuo kakaa nyumbani, nainunua siku hiyohiyo. Huku Kigoma vijana wakali wa kuchana wapo, lakini wanaona ukifika 30 bila kutoka basi umeisha, wanaacha wanaenda bodaboda. Hao ndugu wawili wawe hoja yetu.

Reli_ya_Kati

Mtoto wa Ujiji hapo umeongea. Hip hop ya watu wazima hatuna kwa sababu hatuwapi nafasi.

MwangaKwetu

Wakuu nawashukuru, Binti Gungu asante sana dada yangu na pole kwa mzee. Nimefanya alivyoshauri wa Isevya, nimesikiliza vesi za Malice peke yake. La jina bado linaniuma, ningependa abaki na lile la wokovu. Ila nilichokuwa nawaambia ndugu zangu sikifuti, nitawasikilizisha na huu wimbo wa kwanza, wamsikie akiongea na baba yake. Mwenye hizo za zamani kwa mpangilio anielekeze nianze na ipi, ile ya 2009 sijawahi kuisikiliza nzima.

Biti Kavu

Anza na 2006, kisha 2009, kisha urudi kwenye hii. Ya 2009 watu wengi waliibeza, lakini wewe mwenye swali hili ndiyo inakuhusu zaidi, maana ilitoka mwaka uleule wa kesi.