Ukipewa saa moja ya kurudi nyuma: uende kwenye tukio kubwa, au kwenye swali ambalo halijajibiwa?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Tuchukulie kwamba safari ya kurudi nyuma inawezekana, ila kwa masharti: saa moja tu, mahali pamoja, huonekani, hugusi kitu, huna kamera wala kinasa sauti. Ukirudi unaeleza ulichoona, basi. Je, saa hiyo itumike kwenye tukio ambalo kila mtu analijua, au kwenye jambo ambalo wanahistoria bado wanalivutania?

Mimi niko upande wa tukio kubwa. Nachagua kurushwa kwa Apollo 11, safari iliyofikisha watu wa kwanza mwezini, 16 Julai 1969, saa 3:32 asubuhi kwa saa za Florida. Roketi ina urefu wa mita 110. Waandishi wa habari waliwekwa kama kilomita 5.6 kutoka ilipo, na sauti huchukua sekunde 16 hivi kuvuka umbali huo. Moto unawashwa kama sekunde 9 kabla ya roketi kuachiliwa. Kwa hiyo unaiona inanyanyuka kimya kimya, halafu mngurumo unakukuta kifuani wakati bado inakwea sambamba na mnara. Pengo hilo filamu haikupi.

Msoma Nyaraka
Mkuu, hilo la pengo la sauti nakupa. Lakini unaenda kutazama kitu kilichopigwa picha kuliko bibi harusi. Ukirudi, utatuambia nini tusichokijua?

Na kabla watu hawajakimbilia kuuawa kwa Julius Caesar, mtawala wa Roma, 15 Machi 44 KK, niwaokoe. Wengi watajipanga kwenye jengo la Seneti pale Forum, uwanja mkuu wa Roma, na watamkosa. Siku hiyo Seneti ilikutana kwenye ukumbi wa Pompeius, ndani ya majengo ya ukumbi wake wa michezo, mahali ambapo leo panaitwa Largo di Torre Argentina. Hata ukipapata, utaona migongo na toga tu. Majeraha yalikuwa 23, yaani watu walimzingira wakibanana, na mwandishi wa kale Plutarch anasema walijeruhiana wenyewe kwa wenyewe. Mwingine wa kale, Suetonius, anaandika kwamba Caesar aliguna tu kwenye pigo la kwanza bila kusema neno, kisha anataja wanaodai alimwambia Brutus, mmoja wa wauaji, kwa Kigiriki, "Nawe pia, mwanangu?" Yale maneno maarufu ya Kilatini, "Et tu, Brute?", tumeyazoea kutoka kwa Shakespeare. Ni swali zuri, ila linajibiwa kwa sikio, na sikio ndani ya vurugu ya visu silitegemei.

Fundi Kalenda
Mnachagua matukio kabla ya kuchagua tarehe. Hapo ndipo safari nyingi zitakapoharibika.

Mtego wa kwanza ni kalenda yenyewe. Kalenda ya Gregory ilianza 1582, na 4 Oktoba ikafuatwa na 15 Oktoba. Uingereza ilihama 1752, Urusi 1918. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yanaadhimishwa tarehe 7 Novemba. Tarehe yoyote ya kale uliyoikuta kitabuni, uliza kwanza ni ya kalenda ipi. Kwa Caesar ni balaa zaidi: kalenda yake ilikuwa na mwaka mmoja tu, na baada ya kifo chake makuhani wakaongeza siku ya ziada kila mwaka wa 3 badala ya wa 4, mpaka mrithi wake Augustus aliposahihisha.

Mtego wa pili: hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK unaingia 1 BK moja kwa moja. Wanaastronomia huandika 44 KK kama −43. Ukiingiza −44 kwenye mtambo, umefika mwaka mzima kabla ya wakati, Caesar yuko hai na ana kazi zake.

Wa tatu wengi hawaujui. Mzunguko wa dunia unapungua kasi. Kibao cha Babeli kinaeleza kupatwa kamili kwa jua tarehe 15 Aprili 136 KK. Ukipiga hesabu kana kwamba dunia ilizunguka kwa kasi ileile siku zote, kivuli kinaangukia karibu digrii 49 magharibi mwa Babeli. Hizo ni zaidi ya saa 3. Una saa moja tu ya kutazama, na kosa lako ni mara tatu yake.

Mpenda Ndege
Basi chagueni kitu ambacho saa yake imeandikwa. Kill Devil Hills, Marekani, 17 Desemba 1903. Orville Wright anaruka na ndege yao ya injini saa 4:35 asubuhi, sekunde 12, mita 36.6. Upepo ulikuwa mkali usoni, kwa hiyo ukilinganisha na ardhi chombo kilikwenda kama kilomita 11 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, na nduguye Wilbur alikimbia kando yake akishika ncha ya bawa. Mashahidi walikuwa watano tu nje ya ndugu wenyewe. Nafasi ya kusimama si shida.

Ugumu uko kwenye saa yako moja. Waliruka mara nne: 4:35, 5:20, 5:40 na saa 6 mchana. Ya nne ndiyo inayomshawishi mhandisi: sekunde 59, mita 260. Muda mfupi baadaye upepo ukakipindua chombo, kikavunjika, na mwaka huo hakikuruka tena. Ukifika 4:35 unapata ya kwanza, na ya pili inakuja dakika 45 baadaye. Ukifika 5:20 unapata tatu za mwisho na ajali, ila umekosa ile inayoandikwa vitabuni. Mimi ningechukua 5:20 bila kusita. Sekunde 12 za kwanza zina picha. Hoja ya kama kweli walikitawala chombo iko kwenye zile 59.

Mwanzisha mada
Sasa wewe umehamia upande wao bila kusema.

Mchonga Mawe
Piramidi ya Farao Khufu kule Giza, Misri, jamani. Mawe yanakadiriwa milioni 2.3. Tukisema miaka 20, siku 365 kwa mwaka, saa 10 kwa siku, ni mawe kama 31 kwa saa, yaani moja kila dakika mbili. Kosa la wengi ni kudhani saa yoyote inatosha. Mawe ya kawaida ni ya tani 2 na nusu hivi. Hayo yanavutwa kwa kamba na sileji (chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu), na kaburi la Djehutihotep, kiongozi wa Misri ya kale, lina mchoro wa mtu akimwaga maji mbele ya sileji. Majaribio yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba mchanga ukilowa kwa kiasi chake, nguvu ya kuvuta inapungua kwa nusu. Ukizidisha maji, inarudi kuwa nzito.

Kinachotusumbua ni mawe ya graniti ya Aswan kwenye chumba cha mfalme. Mengine yanakisiwa tani 50 na zaidi, na sakafu ya chumba iko mita 43 juu ya msingi. Hapo piga hesabu ya ujazo: jengo lilikuwa la mita 146.6, kwa hiyo kufika mita 43 karibu asilimia 65 ya mawe yote yameshapangwa. Uwanja wa kufanyia kazi bado ni mpana, na njia ya mteremko, iwe ya nje, ya kuzunguka au ya ndani, lazima ionekane. Saa ya graniti ndiyo saa ya kwenda.

Fundi Kalenda
Na utaipataje hiyo saa? Tuna shajara ya Merer, mkaguzi aliyekuwa na kikosi cha watu kama 40, wakisafirisha chokaa ya Tura kwa mashua hadi Giza. Papiri zake zilipatikana Wadi al-Jarf mwaka 2013. Anaandika siku kwa siku, tena vizuri. Lakini siku zake zinahesabiwa kwa utawala wa Khufu, na kuufunga utawala huo kwenye mwaka wetu kuna mtelezo wa miongo. Tena Merer ni wa mwishoni mwa utawala, graniti ilishapanda. Unaweza kutua Giza ukakuta jangwa tupu, au watalii wa Kigiriki.

Mchonga Mawe
Kwa tarehe umenishinda. Kwa swali, bado hakuna la kulipita.

Msoma Nyaraka
Lipo, na tarehe yake tunayo: Malindi, Aprili 1498. Vasco da Gama, nahodha Mreno, alihitaji rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Alimpata, akang'oa nanga tarehe 24, akafika 20 Mei. Rubani alikuwa nani? Shajara ya msafara inamwita Mkristo, lakini Wareno hao waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo, kwa hiyo neno hilo halina uzito. Mwanahistoria Mreno João de Barros anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, jina "Malemo Caná". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana: "malemo" ni mwalimu, cheo cha mwongoza chombo, na nusu ya pili inasomwa kama neno la mnajimu. Hilo si jina, ni kazi. Qutb al-Din al-Nahrawali wa Makka, akiandika karne ya 16, ndiye aliyemtaja baharia maarufu Ahmad ibn Majid, tena kwa madai kwamba alileweshwa ndipo akatoa njia. Vyanzo vitatu, watu watatu.

Mpenda Ndege
Na kama ndani ya saa yako hakuna anayetamka jina lake?

Msoma Nyaraka
Silihitaji. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Oman, na kufikia 1498 alikuwa mzee. Umri, mavazi na lugha anayozungumza na waliomleta vinatosha kumwondoa au kumbakiza. Na Barros anataja tukio la kutazama kwa karibu: da Gama anamwonyesha astrolabu, chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, mgeni hashtuki hata kidogo, anaeleza vyombo vya pembetatu vya mabaharia wa Bahari ya Shamu, kisha ubao wao wenyewe wa kupimia nyota. Nitazame mikono yake inavyoushika huo ubao.

Mwanzisha mada
Haya, nimelegea kidogo. Mtambo tuuwekee 24 Aprili?

Fundi Kalenda
Hapana! Hiyo ni ya Julius. Mwaka 1498 tofauti ilikuwa siku 9. Ukiweka 24 Aprili ya Gregory utatua tarehe 15 yao, Jumapili ya Pasaka, merikebu zimetia nanga jioni iliyotangulia na rubani hajasikika. Na hata siku ya kuondoka si yenyewe. Tarehe 22 da Gama alimzuia mjumbe wa mfalme wa Malindi merikebuni mpaka rubani aletwe. Weka 1 Mei 1498 ya Gregory, na usimame kwenye sitaha, si ufukweni.