Mada: Kifurushi cha arubaini kimezuiwa, N12A imekuja

Kutoka: Mama Mchanga, Leicester

Assalaam alaykum wana barza,
Barua ya forodha imefika leo na N12A ndani yake, ile karatasi ya maelezo ya kudai kilichozuiwa. Kifurushi kutoka Wete, Pemba, kimezuiwa chote. CN23, fomu ya forodha inayobandikwa juu ya kifurushi, imeandikwa "dawa za mzazi na mtoto, zawadi", basi. Ndani mna asali chupa mbili za nusu lita, samli ya ng'ombe kopo moja, kichupa cha mafuta ya karafuu, mvuje, wanja, pweza mkavu, pilipili manga, na majani mabichi ya mwarobaini na mlimau yaliyofungwa kwenye gazeti. Mtoto ana wiki tatu. Suali langu: asali, pweza na pilipili manga naweza kuvidai peke yake, au kikizuiwa kimoja vinakwenda vyote? Na barua ya kudai inaandikwaje? Ajibu anayejua, si anayekisia.

---

Kutoka: Mtu wa Chake, Milton Keynes

Waalaykum salaam dada, na hongera kwa mtoto.
Tuanze na vilivyokuponza. Samli ni maziwa, na kitu cha maziwa kutoka nje ya Ulaya hakiingii Uingereza kwa matumizi ya nyumbani, hata kijiko. Asali inaruhusiwa mpaka kilo 2 kwa mtu. Lakini asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo chupa tatu za nusu lita zingekupitisha. Mbili zako zimo ndani ya kiwango. Pweza mkavu anahesabiwa pamoja na samaki, kiwango chake kilo 20. Majani mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea kutoka karantini ya kule. Ya mlimau hayaingii hata na cheti, jamii yote ya mndimu na mchungwa majani yake yamepigwa marufuku kwa ajili ya magonjwa na wadudu wanaokaa humo.
Siku nyingine waambie wakaushe mwarobaini kivulini mpaka ukiubana unavunjika. Wakiuanika juani unageuka rangi ya kahawia na harufu inakwisha.

---

Kutoka: Bi Shangani, Cardiff

Majani makavu nayo yanaweza kuulizwa, usimwambie mtu kana kwamba yanapita tu. Na kosa kubwa hapa ni CN23. Ukiandika "dawa" wanakichukulia ni dawa za spitali, na hapo kila kichupa kisicho na lebo kinatiliwa shaka. Pilipili manga iandikwe pilipili manga, asali iandikwe asali, kila kimoja na uzito wake na bei yake kwenye mstari wake. Zawadi ikizidi pauni 39 inatozwa kodi, kwa hiyo usiache bei wazi, watakukadiria wao. Asali itiwe kwenye chupa ya kioo ya dukani yenye lebo na mfuniko uliofungwa kiwandani. Chupa ya maji ya kunywa iliyozungushiwa selotepu huvuja ndani ya ndege, ikalowesha kifurushi kizima, na mkaguzi akiona kitu kinatiririka hana haja ya kuuliza.

---

Kutoka: Mwanasheria wa Mtaani, London

Kuhusu N12A muda ni mwezi mmoja, na unahesabiwa tangu tarehe ya barua au ya kuzuiwa, si tangu siku uliyofungua bahasha. Njia ni mbili. Notisi ya madai inasema walikosea kisheria, na hiyo inaishia kwa hakimu; ukishindwa gharama ni zako. Ombi la kurejeshewa halibishani na sheria, linaomba tu wakurudishie. Humo unatia namba ya kumbukumbu, orodha ya unachodai, uzito, risiti na sababu. Ila sheria ya forodha ya 1979 inaruhusu kuchukua hata kilichofungwa pamoja na kitu cha marufuku.

---

Kutoka: Mtu wa Chake, Milton Keynes

Inaruhusu, hailazimishi. Usimtishe mzazi.

---

Kutoka: Mwanasheria wa Mtaani, London

Sijamtisha mtu. Asome mwenyewe kifungu cha 141.

---

Kutoka: Mkunga Mstaafu, Birmingham

Mnabishana karatasi na hakuna aliyemwambia mwenzenu kuhusu mtoto.
Asali hata ikirudi ni ya mama, si ya mtoto. Chini ya mwaka mmoja hapewi, hata kupakwa ulimini, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupoozesha, zinaweza kuwemo na tumbo lake bado halijaweza kuzizuia. Kuichemsha kwa moto wa jikoni hakuziui. Mafuta ya karafuu msipake ufizi. Sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli, na kumeza kiasi cha kijiko cha chai kumewahi kumtia mtoto degedege na kumharibu ini. Kichupa kikae juu, mbali na mtoto yeyote anayetambaa. Kafuri vivyo hivyo, kwa mtoto ni sumu. Wanja wa jiwe mara nyingi una madini ya risasi kwa wingi, na risasi inaingia mwilini kwa vidole na machozi, na inaathiri ubongo unaokua. HV, yule muuguzi anayekuja nyumbani kumwangalia mtoto, akiuona machoni ataandika kwenye kitabu chekundu cha afya ya mtoto, na yuko sawa.
Mvuje funga kwenye kitambaa ukitaka, utundike mlangoni. Kumnywesha maji yake hapana: mpaka miezi sita ni maziwa peke yake. Tumbo likimsokota, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kwenye kiwiko, umsugue mgongo mpaka acheue. Na homa ya mtoto wa wiki tatu haina dawa ya nyumbani. Ikifika 38 ni kupiga 111, simu ya ushauri wa afya, au spitali saa hiyo hiyo.

---

Kutoka: Bi Shangani, Cardiff

Ahsante bibi, ila wanja wa masizi ni mwengine. Ule unatokana na moshi wa utambi, hauna jiwe.

---

Kutoka: Mkunga Mstaafu, Birmingham

Wa kopo la dukani utajuaje ni upi? Ndiyo hoja yangu.

---

Kutoka: Mama Mchanga, Leicester

Nimeelewa habari ya mtoto, Mungu akulipe. Lakini barua jamani. Nidai vitatu au nidai vyote?

---

Kutoka: Kijana wa Mtambwe, Toronto

Shukuru hawakutia na karafuu kavu. Hizo bila karatasi za ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ni magendo, na kesi inaanza bandarini Mkoani kabla haijafika kwa Mzungu. Tangu 1968 shirika ni hilo hilo. Mkarafuu umepandwa na babu yako, unaupanda wewe kwa miguu yako, na mnunuzi ni mmoja. Halafu tunaambiwa diaspora tuwekeze.

---

Kutoka: Mtu wa Chake, Milton Keynes

Siasa peleka kwenye ile barza nyengine. Mafuta yanakamuliwa kiwandani Wawi, Pemba, kwa makonyo (vikonyo vya karafuu) na majani. Ukitaka kusafirisha, nunua kichupa chenye lebo ya kiwanda, acha ya kujazwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

---

Kutoka: Kijana wa Mtambwe, Toronto

Makonyo nayajua kuliko wewe. Msimu huu majamvi yametandazwa njia nzima kutoka Wete, na mimi niko hapa nakoroga theluji.

---

Kutoka: Bi Shangani, Cardiff

Dada, huku ukingoja, usikae bila uji. Pilipili manga nzima inapatikana kila duka la Wahindi. Unga wa mchele vijiko vinne vya chakula, uvuruge kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya baridi. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka unafanya madonge na hayayeyuki tena. Tia kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, koroga mpaka unga uive na uache kunukia ubichi, kama robo saa. Hiliki tatu, pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo kijiko kimoja cha chai, sukari, chumvi chembe. Tui litie mwisho, kikombe kimoja, moto mdogo, na mwiko usisimame. Likichemka kwa nguvu linakatika na mafuta yanaelea juu.

---

Kutoka: Mkunga Mstaafu, Birmingham

Kijiko kizima ni kikali kwa aliyejifungua kwa kisu na tumbo lina gesi. Aanze na nusu. Na tui la kopo lina vitu vya kulishika, halikatiki upesi kama la kukuna. Atikise kopo kwanza, maana lile zito hukaa juu na chini hubaki maji matupu.