Mashindano ya uvumbuzi kwa wanafunzi wa sekondari: tumpimeje mwanafunzi bila kupima mfuko wa mzazi?

Mwalimu wa Fizikia, Mbagala

Habari zenu wadau wa elimu, na shikamooni wakubwa. Mimi na walimu wenzangu wa shule jirani za kata tunataka kuandaa mashindano ya uvumbuzi kwa wanafunzi wetu, yatakayofanyika kwa siku moja shuleni kwetu. Ukumbi tunao na mkuu wa shule ametuunga mkono. Kinachonisumbua ni namna ya kutoa alama. Katika maonyesho mengi niliyohudhuria, meza inayoshinda ni ile yenye kazi iliyochomelewa vizuri na kupakwa rangi, ilhali ukizungumza na mwanafunzi unaona dhahiri kwamba kazi ni ya fundi wa mtaa wa Gerezani aliyelipwa na mzazi. Mtoto aliyetumia madumu na nyaya za redio mbovu hurudi nyumbani akiamini kwamba uvumbuzi ni jambo la wenye fedha, na hilo linaniuma sana. Naomba ushauri: tuweke vigezo gani, na tuanze lini maandalizi, ili anayeshindanishwa awe mwanafunzi mwenyewe?

Mhandisi mstaafu, Changanyikeni

Marahaba, Mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba nusu ya alama zote zitolewe kwa daftari la kazi. Liandikwe kwa mkono tangu siku ya kwanza, likiwa na tarehe, michoro, vipimo na hasa majaribio yaliyoshindikana, nalo lisainiwe na mwalimu mlezi kila wiki. Daftari lililoandikwa usiku wa kuamkia mashindano hujulikana upesi, kwa kuwa halina kosa hata moja.

Nusu nyingine itokane na mahojiano mezani, na jaji asiridhike na maelezo ya kukariri. Niliwahi kuvipima vikundi viwili vilivyotengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga. Mashine ya kwanza ilikuwa kabati la kupendeza lenye mlango wa kioo. Nilipomuuliza kijana kwa nini balbu imezimika, alimgeukia mwalimu wake. Ya pili ilikuwa boksi la katoni. Binti aliyeisimamia alifunua mfuniko, akanionyesha kipimajoto kikisoma nyuzi 37.5, akaeleza kwamba katika jaribio la awali mayai ya upande wa balbu yaliharibika kwa joto huku ya upande wa pili yakibaki ya baridi, ndipo akafunga feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ili hewa izunguke. Daftari lake lilikuwa na jedwali la joto la asubuhi na jioni pamoja na saa alizoyageuza mayai. Alama zake sikuzitafuta kwa tochi.

Mfano huo unajibu pia swali lako la muda. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, hivyo ukitangaza mashindano mwezi mmoja kabla, unampa mwanafunzi nafasi ya kujaribu mara moja tu, na hapo anayeshinda ni mwenye fedha za kununua kilicho tayari.

Mratibu wa taaluma, Ubungo

Naunga mkono hoja ya muda. Tangazeni Januari shule zikifunguliwa, na mashindano yafanyike kabla ya likizo ya Juni. Mkisogeza mbele mtagongana na moko, kisha mtihani wa Kidato cha Nne wa Novemba, na hakuna mkuu wa shule atakayewaachia wanafunzi. Barua ya kuomba kibali ipitie kwa Afisa Elimu Sekondari wa manispaa mapema, kwa sababu wanafunzi watatoka shule tofauti. Wekeni pia ukomo wa gharama, tuseme shilingi 30,000 kwa kikundi, na kifaa kilichotolewa bure kihesabiwe kwa bei ya sokoni.

Mzazi, Tabata

Samahani walimu, mimi nina mtazamo tofauti kidogo kuhusu mafundi. Mwanangu alijifunza kupima nyaya kwa mita akiwa amekaa kando ya fundi redio wa mtaani kwetu, na maarifa hayo hakuyapata darasani. Mkimzuia mtoto asimwendee fundi, mtamnyima mwalimu mwingine.

Mhandisi mstaafu, Changanyikeni

Ndugu mzazi, nakubaliana nawe kabisa. Fundi asipigwe marufuku. Mwanafunzi aandike kwenye daftari kipi kilifanywa na fundi na kipi alikifanya mwenyewe, kisha aulizwe juu ya vyote viwili.

Mwalimu wa Kemia, Kigamboni

Naomba msiwasahau wanafunzi wasio na kifaa chochote, bali wana swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa maziwa ya aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa, na alipouliza hakuaminiwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, ambaye alikubali kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Mtoto wa namna hiyo akija na chupa mbili za maji na saa, awe na meza yake na alama zake.

Kwa watakaofanya vizuri, njia ya mbele ipo: MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanzishwa na Wizara ya Elimu mwaka 2019, yana nafasi kwa wanafunzi wa sekondari. Ikiwa kuna kazi ambayo ni mpya kweli, ulizeni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kuhusu hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) kabla ya kuionyesha hadharani, kwa maana kuonyesha mapema kunaweza kuharibu sifa ya upya inayotakiwa na sheria.

Mwalimu wa Fizikia, Mbagala

Nawashukuru sana. Daftari, ukomo wa gharama na meza ya maswali nimevichukua vyote, na tangazo litatoka Januari. Limebaki suala la majaji: tumepata walimu wawili, na wenzangu wanasita nikipendekeza wa tatu awe fundi mchomeleaji asiye na cheti.

Mhandisi mstaafu, Changanyikeni

Mchukueni, Mwalimu. Atatambua mshono wa mtu mzima kwa kuutazama tu, jambo ambalo mimi na digrii yangu siliwezi. Mpeni heshima sawa na majaji wengine, nauli sawa na fomu sawa ya alama, na mketi naye siku moja kabla mumweleze kwamba kazi isiyopendeza machoni lakini yenye maelezo mazuri isikatwe alama.