Nimelipia plagi 8 nikafungiwa 4, gia boksi ikamiminwa ATF (oili ya otomatiki za kawaida). Mafundi, mnaziua hizi Honda Fit halafu mnasema ni mbovu

Wakuu, heshima zenu.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Nina Honda Fit ya mwaka 2006, modeli GD1, injini ya 1.3. Miaka mitano nasambazia keki, Kimara hadi Mbagala, Kimara hadi Kigamboni, na haijawahi kunilaza barabarani hata siku moja. Ndani ya mwezi mmoja gereji mbili zimenifikisha mahali ambapo naogopa kuwasha gari langu mwenyewe. Gereji ya kwanza peke yake imekula 419,000. Jibu nililopewa baada ya yote hayo: "Dada, Honda ndivyo zilivyo. Uza, uchukue IST."

Siuzi. Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Niseme kwanza kwa nini naing'ang'ania. Tangi la mafuta la Fit, la lita 42, limekaa chini ya viti vya mbele. Gari nyingi ndogo tangi liko nyuma, linakula nafasi. Kwenye Fit sakafu ya nyuma imeachwa chini na bapa, na sehemu ya kukalia ya kiti cha nyuma unainyanyua, inasimama wima ikigusa mgongo wa kiti. Pale unapata nafasi ya kusimamisha kitu kirefu kuanzia sakafuni. Keki ya ghorofa tatu inakaa pale, mlango unafungwa, haiguswi na chochote. Ukilaza viti vyote, friji ndogo inaingia. Nimepanda Vitz na IST za wenzangu, ni gari nzuri, sina ugomvi nazo, lakini keki yangu haisimami humo. Na mafuta, kabla ya balaa hili, nilikuwa napata kilomita 15 kwa lita nikitoka alfajiri kabla ya foleni. Kwa mtu wa biashara ndogo hilo ndilo faida yenyewe.

Tatizo lilianza hivi. Nikisimama kwenye mataa, nikiachia breki ili niondoke, gari linatetemeka sekunde mbili tatu kisha linakwenda vizuri kabisa. Likishakolea mwendo huoni shida yoyote. Mwanzoni nilipuuza. Oili ya gia boksi sikuwahi kubadilisha tangu nilinunue, hilo nakiri, hakuna aliyewahi kuniambia. Siku moja natoka mataa ya Magomeni nimebeba keki ya sendofu, likatetemeka kwa nguvu kiasi kwamba ghorofa ya juu ikahama na ya kati ikapasuka ubavuni. Nilitengeneza kwa krimu ndani ya gari, nje ya ukumbi, mikono inatetemeka, mama wa bibi harusi amesimama dirishani ananiangalia. Kesho yake nikaenda gereji.

Gereji ya kwanza. Sitaitaja, msiniulize. Fundi aliendesha gari kuzunguka mtaa mara moja, akashuka akasema: plagi zimechoka, injini mauntingi (kishikizo cha injini chenye mpira) imekufa, na tubadilishe oili ya gia boksi. Nikaona anajua kazi. Nikapewa hesabu kwenye karatasi ya daftari: plagi 8 kwa 18,000 kila moja, 144,000. Oili ya CVT (gia boksi isiyo na gia za kupanda na kushuka, kama ya gari langu) lita 4 kwa 25,000, 100,000. Mauntingi 95,000. Ufundi 80,000. Nikalipa yote. Nikaomba risiti, nikaambiwa mashine haina karatasi leo, pitia kesho. Kesho yake haina mtandao. Keshokutwa yake sikwenda tena.

Kwa wasiojua: hii injini ya GD1 ina silinda 4 lakini plagi 8, mbili kwa kila silinda. Ndiyo i-DSI hiyo. Nne ziko mbele, unazifikia ukifungua boneti tu. Nne za nyuma zimejificha upande wa kioo, na ili uzifikie lazima utoe mikono ya waipa na lile plastiki kubwa lililo chini ya kioo. Ni kazi, nakubali. Lakini ndiyo kazi niliyoilipia.

Siku tatu mtetemo ulipungua. Siku ya nne ukarudi mara mbili ya mwanzo, na sasa ukaja na mlio, mvumo unaopanda kadiri gari linavyokimbia. Mafuta yakashuka mpaka kilomita 10 kwa lita. Nikimpigia simu fundi ananiambia "litazoea, madamu". Gari litazoea nini?

Nikaenda gereji ya pili, hii yenye vigae na kiyoyozi mapokezi, nikidhani nimepanda daraja. Wakachomeka mashine ya kupimia, 40,000, dakika kumi, wakaniambia gia boksi imekufa. Used ipo Ilala, milioni 1.4 pamoja na kufunga. Hakuna aliyeuliza ni oili gani imo ndani. Hakuna aliyeingia chini ya gari. Nilipouliza mimi kama tuanze kwa kuangalia oili, kijana wa mapokezi akacheka na kumwangalia fundi, fundi akasema "mama, hizi mambo tuachie sisi". Nina miaka 41, hiyo biashara naiendesha mwenyewe, hesabu zake nazijua mpaka senti, na nilisimama pale nikijisikia mtoto wa shule. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Tegeta ambaye anashughulika na Honda tu. Uwanja wa mchanga, mwembe, turubai. Kabla hajagusa chochote aliniuliza, "Mama, walikumiminia nini?" Nikamwambia oili ya CVT. Akasema, "Una kopo lake?" Nikakumbuka saidia fundi wa gereji ya kwanza aliacha kidumu ndani ya buti, kina oili kidogo iliyobaki. Nikakitoa. Mzee akakigeuza, akanionyesha maandishi kwa kidole bila kusema neno. ATF, Dexron III.

Halafu akafungua waipa, akatoa plastiki la chini ya kioo, akashuka na spana ndefu. Plagi za nyuma, zote nne, ni za zamani. Kutu shingoni, ncha zimelika. Vumbi lililokuwa kwenye nati za plastiki lile halijaguswa na mkono wa mtu miaka. Plagi zangu nne mpya ziko wapi? Ziko kwenye gari la nani?

Sasa naomba nieleze kuhusu hiyo oili kwa sababu najua humu kuna wengi mnaendesha gari ndogo za CVT na hamjui kinachomiminwa. Mzee alinielewesha huku akichora kwenye mchanga, na baadaye nimesoma mwenyewe. IST ya kwanza ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia 4, inatumia ATF ya Toyota, T-IV. Mafundi wengi mikono yao imekomaa kwenye hizo, ndiyo maana kila otomatiki kwao ni ATF. Gia boksi ya Fit hii ni kitu kingine. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozizunguka. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, na ndiyo maana husikii gari likibadilisha gia. Chuma kinavuta chuma. Kinachozuia kisiteleze na kisilane ni oili tu. Honda waliitengenezea oili yake, inaitwa HMMF. Juu ya hapo, GD1 haina toki konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa oili kwenye otomatiki za kawaida. Ina klachi maalum ya kuondokea, ambayo inaoga kwenye oili hiyohiyo. Oili ikichoka, klachi hiyo ndiyo inayotetemeka unapoondoka kwenye mataa. Yaani tatizo langu la mwanzo, lile la kabla ya gereji yoyote, lilikuwa linahitaji lita 3 na kidogo za HMMF, na pengine kurudia baada ya muda ili ya zamani yote itoke. Basi!

Wakaniwekea ATF. Mkanda ukaanza kuteleza kwenye puli. Ule mvumo ninaousikia ni chuma kinakula chuma.

Msifikiri ni Honda tu. Vitz ya 2005 hadi 2010 kwa nje zinafanana, lakini ya 1.0 ina gia 4 za kawaida na ya 1.3 ya kuvuta mbele ina CVT. Fundi asiyesoma kibati cha modeli ataweka oili moja kwa zote mbili. Nissan Note E11 yenye CVT inataka oili ya NS-2. Kila moja na yake. Kibati cha modeli kiko kwenye gari, kinasomeka, hakihitaji mashine ya elfu 40.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba HMMF Dar nilizunguka Kariakoo siku mbili, kila duka wananipa "CVT ya gari zote". Mwishowe mzee aliongea na mtu wake Nairobi, kwa sababu kule Fit ni nyingi na oili yake inauzwa kama maji, ikaja na basi kupitia Namanga. Tumemwaga mara mbili, tumebadilisha zile plagi nne za nyuma, na mauntingi pia, maana ile ya 95,000 ilikuwa used na mpira wake umeshapasuka unavuja. Mtetemo umepungua sana. Mvumo umebaki. Mzee ameniambia ukweli bila kuzunguka: puli zimeshachubuka, inaweza kwenda mwaka, inaweza kwenda mwezi.

Nilirudi gereji ya kwanza na kidumu mkononi na plagi nne za kutu kwenye mfuko. Fundi akaniambia ATF na CVT "ni oili ileile, tofauti ni jina". Nikamuuliza kuhusu plagi. Akaita saidia fundi akaanza kumfokea mbele yangu, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, macho chini. Sikwenda pale kuona kijana akifokewa. Hesabu niliiandikiwa na yeye, pesa alipokea yeye. Nikamwambia nataka 72,000 ya plagi nne ambazo hazikufungwa, na tofauti ya oili, maana duka la jirani yake ATF hiyohiyo ni 12,000 kwa lita, na yeye alinitoza 25,000. Hiyo ni 52,000. Jumla 124,000. Gia boksi sijaitaja hata. Akaniambia nirudi Jumatatu na mume wangu tuongee vizuri.

Mume wangu anahusikaje na plagi za gari langu?

NYONGEZA, Alhamisi usiku: Nimesoma majibu yote, asanteni. Wanaosema nimeyataka kwa kununua gari la zamani: tatizo la mtetemo lingeisha kwa oili sahihi, soma tena uzi. Mafundi mlioandika kwamba wateja hatutaki kulipia oili halisi, nimewaelewa, wapo wateja wa hivyo. Mimi nililipia. Sikupunguza hata mia.

Walionishauri niende Tume ya Ushindani, nimefikiria. Risiti ya EFD sina, nina ile karatasi ya daftari yenye mwandiko wake na tarehe, kidumu, plagi nne, na picha za vumbi kabla mzee hajafungua. Mwenye uzoefu aniambie kama vinatosha au nitaambiwa nirudi na risiti.

Na kama kuna anayemjua fundi aliyewahi kufungua gia boksi ya GD1 kwa mikono yake, akabadilisha mkanda na puli, akaifunga na ikatembea, aandike hapa yuko wapi na alichukua kiasi gani. Dar, Morogoro, hata Arusha nitapeleka. Jumamosi nina keki ya ghorofa tatu ya kupeleka Mbezi Beach. Nimeshaongea na kijana wa bajaji, nitakaa nyuma nimeishika kwa mikono miwili.