Nimeokota shanga za kale Kilwa, ila mbona makaburi ya huku hayana dhahabu?

Mwana wa Masoko: Wakuu habari za jioni. Juzi tulikuwa tunachimba shimo la choo kwa babu huku Kilwa, kufika kama kwenye magoti tukaanza kukutana na vigae na shanga ndogo kama punje za mtama, nyingi nyekundu ile ya tofali na chache za kijani, nimeziosha zikang'aa utadhani nimenunua dukani jana. Sasa nimeona picha za yule kifaru wa dhahabu wa Mapungubwe, Afrika Kusini, watu wamezikwa na madhahabu hadi miguuni, na dhahabu ya bara tunaambiwa ilikuwa inapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, inakuja hapa hapa kwetu. Mbona makaburi ya masultani hatusikii hata pete? Sisi tulikuwa madalali tu au?

Bi Kigae: Madalali tena hahaha. Mdogo wangu, hao ni Waislamu, maiti anavuliwa mpaka pete ya kidole, anaoshwa, sanda, basi, dhahabu wanagawana warithi. Ukitaka mapambo ya Mswahili wa kale usiende kaburini, nenda jalalani na sakafuni, pale uzi ulipokatika shanga zikatawanyika mtu akaona uvivu kuokota, ndo hizo zako. Yule msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akakuta sultani anaitwa Abu al-Mawahib kwa kugawa kwake, fakiri mmoja alimuomba nguo alizovaa akapewa hizo hizo. Mtu wa hivyo azikwe na nini?

kauri_mbili: Bi Kigae kamaliza, mi naongezea ya Mapungubwe. Yale makaburi ya kilimani yalijulikana mwisho wa 1932, ya kifalme ni matatu, na wamezikwa wamekaa kitako. Kuna mwanamke alikuwa na bangili za waya wa dhahabu zisizopungua 100 kwenye vifundo vya miguu, hebu fikiria anatembeaje! Mwingine alikuwa na mkufu wa dhahabu na kauri, na kauri si zinatoka bahari yetu hii jamani. Kifaru mwenyewe ni bati jembamba la dhahabu lililopigiliwa kwa vimisumari kwenye umbo la mti, mti ukaoza likabaki ganda. Watu wa kawaida hawakuzikwa kule juu kwa hiyo unaona kabisa kwamba karne ya 13 tabaka lilishakaa, mtawala juu, raia chini. Ila kinachoniacha hoi mimi ni pale jirani, kwenye kijiji cha kale kinachoitwa K2, walikuwa wanachukua vishanga vya kioo vilivyotoka ng'ambo kupitia pwani, wanaviyeyusha kwenye kalibu ya udongo wanatoa shanga moja nene ya kwao. Yaani mali ya mgeni hawaivai kama ilivyo.

Mwana wa Masoko: Duh, hiyo ya fakiri sikuijua. Bibi naye kaziona akasema za kiunoni hizo, kachukua kumi anataka kutunga 😂. Na kuna jamaa anapita anauliza kama nauza.

Bi Kigae: Usiuze! Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, nenda kwa watu wa mambo ya kale hapo hapo wilayani ukawaonyeshe, na shimo liache kwanza, choo mtachimba pengine. Usioshe tena, zikishatoka kwenye udongo wake huwezi kujua zilikaa na kigae gani. Na bibi mwambie azirudishe, mpole pole lakini.

Mwana wa Masoko: Sawa dada. Ila kuna kigae kimoja kina mfereji mwembamba katikati, umelainika kama umesuguliwa na kamba.

Bi Kigae: Weeh! Hicho ndo cha kusugulia shanga za kombe, Tumbe kule Pemba vimetoka vingi sana. Kwa hiyo hapo kwa babu huenda hawakuvaa tu, walitengeneza. Piga picha ukiweka na sarafu pembeni tuone upana wa mfereji.

Mwana wa Masoko: Simu haina chaji, kesho.